Viti vya Merikani vya Baba Zuena

Waliokuwepo siku kile kiti kilipokaliwa ni hawa. Baba yangu Abudo, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Mama yangu Anchia, mzaliwa wa Quiterajo. Shangazi yangu Muanaisha, dada yake baba, mwanamke mnene kuliko wote mtaani kwetu Mocímboa, pwani ya Msumbiji, na simcheki, mwenyewe alijisifia. Mwenye Sumaila, mzee wa minazi mingi, ambaye harusi ilikuwa kwake. Mestre Fakihi, yaani fundi Fakihi kwa Kireno, seremala wa mjini, aliyekuja bila kuitwa. Na mimi Zuena, mtoto wa miaka tisa hivi, mkekani. Wengine walikuwa watu wa harusi, nao majina yao ninayo, ila nikiwataja wote wali utapoa.

Nimewakumbuka kwa sababu juzi, hapa Mute ninapoishi sasa, mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye telefone. Mafundi wa Marekani wanachonga kwa mkono viti vipya, wanafuatisha viti vya kale vya babu zao. Nikamwambia, mwanangu, hivyo mbona sisi tumevitengeneza zamani. Akacheka. Alidhani bibi umri umemchezea.

Basi sogea nikueleze.

Mwenye Sumaila alikuwa na kiti alichoachiwa na babu yake, aliyefanya biashara na merikebu za Wamarekani enzi zile walipoleta vitambaa vya merikani. Sisi tulikiita kiti cha Merikani. Cha kukalia kilikuwa ubao mmoja mnene, umechimbwa kidogo ukafuata makalio ya mtu. Miguu minne imetanuka kwa nje, na mgongo wa fito nyembamba kama mbavu za samaki. Msumari hata mmoja hamna. Nikitumwa kwake kupeleka ngisi, nilikuwa nakigusa kwa kidole, halafu nanusa kidole.

Mwaka ule kazi ya vyombo ilikuwa imekwisha kabisa. Wanaume walikuwa wanavuka Ruvuma kwenda Tanganyika kukata mkonge. Baba yangu mdogo, Saidi, alivuka, na mpaka leo ninapoandika hajarudi. Baba naye akapatana na wenzake: harusi ya kwa Mwenye Sumaila ikipita, wanaondoka. Mama akawa hapiki kwa nyimbo tena. Nyumba yetu ilikuwa kimya, unasikia kijiko tu chunguni.

Ndipo Mwenye Sumaila akamwita baba. "Abudo, nitengenezee kimoja kama hiki. Kikisimama sawa, nataka sita, na milango, na vitanda. Utavukia nini huko?"

Baba akakitengeneza kama alivyojua yeye. Na yeye alijua vyombo. Chombo ukikiunda, unakishusha majini, mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana. Basi baba akachonga miguu, akaipachika kwenye ubao, akakilaza kiti kizima kwenye maji ya bahari siku tatu. Kilipotoka kilikuwa kigumu kama jiwe. Akakipeleka kwa mwenyewe kifua mbele.

Kiangazi kikakipiga. Mwezi haukuisha, miguu ikawa inacheza kama meno ya kizee. Mgeni mmoja akakikalia, akajikuta chini na kikombe chake cha chai. Habari ikafika kwa Mestre Fakihi, naye akapita mbele ya nyumba yetu makusudi.

"Abudo! Kirudishe pwani kiti chako. Kitaelea vizuri!"

Baba alikaa uani, kiti kimelala mbele yake miguu imeachana. Mama alikuwa anakuna nazi, amekalia mbuzi yake, kile kigoda chenye meno ya chuma ya kukunia. Akasema bila kuinua kichwa:

"Baba Zuena, chombo kinakunywa maji. Kiti kinakunywa nini?"

"Niache, Mama Zuena."

"Nakuuliza tu. Mguu wa mbuzi hii ulivunjika mwaka jana, wewe ukasema utautengeneza kesho. Nimechukua kijiti kilichokaa sana kwenye uchaga juu ya moto, nimekigongomea kwenye gogo bichi. Nakikalia kila siku. Hebu kivute."

"Leo nifundishwe na mbuzi ya nazi?"

"Vuta."

Baba akavuta. Akaweka goti, akavuta tena mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mguu haukutikisika. Kijiti kikavu kilikuwa kimevimba ndani ya gogo bichi, na gogo lilipokauka likakiuma. Baba akakaa chini, akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu masika.

Akaenda mbio kwa Mwenye Sumaila, akakipindua kile kiti cha kale. Matundu ya miguu, yaliyotobolewa mviringo, yalikuwa yamebanwa yamekuwa kama yai: kumbe ubao ulipachikwa miguu ukiwa mbichi, ukajikunja ulipokauka. Akarudi anapiga kelele tangu njiani: "Mama Zuena! Huyu fundi wa Merikani naye alikuwa na mke mwenye mbuzi!"

Kuanzia hapo jiko letu likawa karakana. Miguu na fito za mti wa mkole zikajaa uchagani, kazi yangu kuzigeuza kila asubuhi kabla ya kunywa uji. Ubao mbichi ulifukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, nikiumwagia maji usikauke kabla ya kupachikwa miguu. Tulikula wali unaonuka moshi wa viti, na mama akaanza kuimba tena.

Siku ya harusi baba akakiweka kiti kipya katikati ya ukumbi, kimekwisha kupigwa na jua la wiki nyingi. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Shangazi Muanaisha akafunga kanga yake vizuri.

"Kaka, kikivunjika utanibeba wewe mpaka nyumbani."

Akajitupa. Wallahi, alijitupa. Kiti kikanyamaza. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akaegemea zile fito, akainua miguu yote miwili juu. Mestre Fakihi akashindwa kujizuia, akainama kushika mguu wa kiti autikise.

"Mestre," shangazi akasema, "mguu unaoupapasa ni wa kiti, au ni wangu?"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena, hata kwenye harusi yangu. Mestre mwenyewe alicheka, akampa baba mkono. Mwenye Sumaila akasema, "Sita. Anza kesho." Wenzake baba walivuka Ruvuma wiki ile. Baba yangu aliamkia ubao.

Leo nyumba ya Mwenye Sumaila haipo, viti sita vimepotea na misukosuko, na kwenye majiko ya wajukuu zangu hakuna uchaga, kuna mkaa na sufuria basi. Kama nimekosea rangi ya kanga ya shangazi, sikuitaja. Kama viti vilikuwa saba, au yule aliyemwaga chai mnamjua jina, nitumieni salamu mnisahihishe, sitachukia. Lakini kwamba baba alibaki nyumbani, hilo msiniguse. Usiku ule wenzake walipovuka, nililala ubavuni kwake.