Paka wa Marehemu na Asali ya Wifi

Paka alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya jikoni, miguu yote inapiga hewani kama anayekimbizwa na mbwa, povu linamtoka mdomoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati nimeshika chupa ya asali. Ilikuwa tupu. Na haikuwa imeisha tu, ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, imefungwa kifuniko chake na kurudishwa mahali pake, safi kama ya kwenda kuchotea maji ya baraka.

Naomba nieleweke hapo. Huu ni mji wa Tabora. Asali hapa inaingia ndani ya nyumba za watu kama vumbi, hata ukifunga mlango. Mgeni akitoka kijijini anakuja nayo kwenye chupa ya maji au kwenye dumu. Mtoto akikohoa analambishwa asali, mzazi anakorogewa kwenye uji, aliyeungua anapakwa. Sijawahi kusikia nyumba iliyoishiwa asali. Siku niliyoitaka ili kiumbe asinifie mikononi, nyumba yangu ndiyo ikawa ya kwanza.

Sukari ya kawaida haikuwamo ndani tangu marehemu mume wangu alipopimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari. Nikatoka na kanga yangu ya jikoni mpaka kwa mama ntilie wa pale kona.

"Shikamoo mama," akasema. "Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Sukari tupu. Nitie kiganjani."

"Ya nani?"

"Ya paka. Amezimia."

Wateja wakaacha kutafuna. Mmoja akanisogezea benchi, akasema kwa upole kama anayeongea na mfiwa, "Kaa kidogo mama, upate hewa."

Sikukaa. Nikachota mwenyewe kwenye kopo lake, nikarudi mbio, nikampaka paka kwenye fizi kwa kidole. Akaning'ata kwa yale meno yake mabovu, na nilishukuru, kwa sababu maiti haing'ati. Baadaye akatulia. Akafumbua macho. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, macho hayakufuata.

Sasa nirudi nyuma, maana mambo haya hayakuanzia jikoni.

Paka alikuwa wa mume wangu. Hakuwa na jina, marehemu alimwita "wewe" na yeye aliitika. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari mwaka juzi, baada ya kukatwa mguu mmoja. Siku ya arobaini ukoo wake ulifanya kikao sebuleni kwangu, wamekaa kwenye makochi yangu, wanakunywa chai yangu. Swali lilikuwa moja: kwa nini sukari ya ndugu yao haikushuka hata mara moja, wakati dawa alikuwa akipata? Mwenye kikao alikuwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, ambaye hajawahi kumbeba mgonjwa hata mpaka mlangoni. Akakohoa, akasema, "Hatusemi kwamba kuna mtu aliyemwua. Tunasema tu kwamba mpishi wa nyumba hii ni mmoja."

Wote wakanitazama pale katikati waliponiketisha. Mimi niliishia darasa la nne, lakini sentensi ile niliielewa kuliko waliosoma.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amekaa dirishani. Alikuja kumwuguza kaka yake, kaka akaondoka, yeye akabaki. Akafuta machozi kwa pindo la kitenge, akasema, "Mungu ndiye anayejua." Ugali nilikuwa nampimia kwa kikombe, mboga namchemshia bila mafuta, wali aliusikia harufu tu kutoka kwa jirani. Na bado sukari ilipanda. Sikuwa na jibu, na asiye na jibu kwenye kikao cha ukoo ndiye mwenye kosa.

Tangu siku ile mtaani kwetu mimi ni mwanamke aliyemlisha mume wake mpaka akafa. Hakuna anayelisema mbele yangu, watu wa Tabora wana adabu. Ila kwenye shughuli sufuria yangu inarudi nyumbani imejaa kama ilivyokwenda.

Ndipo paka akaanza kunywa maji. Alikunywa bakuli lake, akahamia kwenye beseni la kufulia, akamalizia kwenye ndoo ya kuogea. Akakojoa kila kona. Akakonda wakati mimi nauza dagaa wa Kigoma, na paka wa muuza dagaa kukonda ni aibu ya peke yake. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa ndala za mtu. Dalili zote hizo nilikuwa nimeziona kwa mtu. Nikasema moyoni, huyu naye akifa kwa sukari, watasema ni wa pili.

Nikamtia kwenye tenga, wifi akashika upande mmoja, tukaenda kwa bwana mifugo. Ni Mgogo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na salamu zetu ni matusi.

"Ana nini huyu?"

"Anakunywa maji kama ng'ombe wenu wa Dodoma."

"Basi ana kiu. Nyie Wanyamwezi mtu akiwa na kiu mnampeleka hospitali?"

Nikatoa kipimo cha sukari cha marehemu, nikamchoma paka sikioni, tone la damu likatoka. Kipimo kikagoma kutoa namba, kikaonyesha tu kwamba imepita kiwango. Bwana mifugo akaacha kucheka. Akamfunua mdomo, akasema, "Kinywa hiki ni makaburi." Akambonyeza tumbo, akasema figo nazo anazitilia shaka. Halafu akakiri kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, kwa paka mwenye sukari itabidi aulize. Akampigia mwenzake aliyesoma naye Morogoro, akawa anaitikia simu huku anatutazama kama tuliomletea twiga.

Alipokata simu akatoa maelekezo. Sindano asubuhi na jioni. Chakula laini, kwa sababu ya meno. Maji asinyimwe, kwa sababu ya figo. Na akasema neno moja ambalo laiti angenivuta pembeni akanitilia sikioni: "Akianguka ghafla anatetemeka, ujue sukari imeshuka mno. Mpake asali kwenye fizi. Kidogo tu. Na hiyo asali ni ya siku hiyo, isiguswe siku nyingine."

Wifi uso ukamng'aa. Tulipotoka nje akaniambia, "Umesikia wifi? Hata daktari amesema asali."

"Amesema akianguka."

"Kwa hiyo tusubiri mpaka aanguke?"

Niliichukulia kama mzaha wake. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshapanga.

Nikaanza kuuguza. Dawa ya sindano niliihifadhi kwenye mtungi ndani ya mchanga uliolowa, kama nilivyomhifadhia mume wangu, kwa sababu umeme wetu unakuja kwa mapenzi yake. Dagaa niliwachemsha, nikawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa uji. Majirani wakapata kazi. Wakipita uani wanauliza, "Mgonjwa wako hajambo?" halafu wanaziba midomo. Wifi naye alikuwa na wimbo wake: "Paka anapigwa sindano, na binadamu kule kijijini Ziba wanakosa hata panadoli." Mimi nilichoma, nilipima, nilitwanga. Watu walidhani ni mapenzi. Sikuwa nampenda yule paka kiasi hicho. Nilitaka apone ili mtaa uone kwamba mkono wangu hauui.

Sukari haikushuka. Bwana mifugo akaongeza dawa. Haikushuka. Akaongeza tena, akanikazia macho. "Unampa nini wewe mama? Unamlisha vitumbua?"

Maneno yale niliyajua. Daktari wa mume wangu aliniuliza hivyo hivyo, na kwa jicho lile lile, ila yeye alitaja wali.

Wifi akasafiri kwenda Urambo kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yao. Aliniaga vizuri, akaniusia nisimsahau mgonjwa. Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja kipimo kikasoma vizuri. Kwa mara ya kwanza. Niliangalia ile namba mpaka chai ikapoa. Nikatamani ukoo wote uwe pale waione. Nikamchoma paka dozi yake ile ile iliyoongezwa, kama nilivyoagizwa, nikamwekea uji wake wa dagaa. Nikawa nafunga mzigo wa sokoni, nikasikia bakuli limepinduka jikoni. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Wifi akarudi kutoka Urambo na dumu la asali, hina ya harusi bado mikononi. Paka alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango. Hakumwona aliyeingia.

"Wifi," nikamwambia, "asali ya kabatini ilikwenda wapi?"

"Ile? Si nilikuwa nampa mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Paka, wifi. Kila asubuhi ukishatoka kwenda sokoni. Namkorogea kwenye maziwa. Iliisha, nikaiosha chupa nisiwaachie sisimizi."

"Paka ana sukari."

Akanionea huruma, nikaona kabisa ananionea huruma. "Asali si sukari, wifi yangu. Sukari inatoka kiwandani. Asali inatoka porini, Mungu kaiweka mwenyewe. Ungemwachia sindano zako peke yake angekuwa ameshakufa." Alikuwa anaimimina kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa, taratibu, bila kumwaga tone. "Hata kaka ilimsaidia sana. Siku za mwisho alikuwa hataki kingine. Nikimwekea kwenye uji anamaliza, anasema asante dada, usimwambie mwenzako, atagomba."

Alisema hivyo, akaziba chupa, akaipangusa shingo yake kwa kidole, akakilamba.

Mimi nilitafuta kigoda. Paka aliposikia kigoda kinaburuzwa akaja, akajigonga kwenye mguu wangu, akakaa. Nilifikiria asubuhi zote nilizokuwa sokoni. Nilifikiria daktari akiongeza dawa, na mimi nikipunguza ugali, mpaka mtu mzima akawa anakula kama kifaranga, wakati nyuma yangu mtu anamjaza asali kwa huruma. Mume wangu naye alinificha, na huyo nimemsamehe, kwa sababu alikuwa mgonjwa na alikuwa na njaa niliyompa mimi. Lakini wifi alikaa dirishani siku ya arobaini, akasikia kwamba mpishi ni mmoja, akafuta machozi.

Nilipanda basi mpaka Puge, anakolima shemeji mkubwa. Alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, hata kuku akamfukuza ili anisikie.

"Hayo yameshapita, shemeji," akasema. "Na dada yangu alifanya kwa upendo."

"Na mimi nilifanya kwa nini?"

"Usinielewe vibaya. Asali kwetu haijawahi kumdhuru mtu."

"Paka amepofuka."

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha mtu mkubwa. "Shemeji, unataka niitishe ukoo kwa ajili ya paka?"

Wakati naondoka alinipa zawadi ya njiani. Chupa ya asali. Niliipokea, kwa sababu huku kwetu huwezi kukataa, na ndipo shida yote ilipoanzia.

Nyumbani wifi bado yupo. Bado ananiita wifi, bado anasali kabla ya kula. Majirani wamehama kutoka kwenye kicheko, sasa wanasema paka amepofuka kwa sababu ya sindano zangu. Bwana mifugo amesema dozi ile ilipandishwa juu ya asali, asali ilipokoma ikamzidi paka; amepunguza dawa na sukari imekaa sawa, maana chupa sasa inalala chini ya mto wangu na dumu chini ya kitanda. Paka anaishi. Anajua njia ya bakuli kwa kunusa, na usiku anakuja kulala upande aliokuwa akilala marehemu. Macho hayatarudi.

Basi shemeji mkubwa, sasa nasema na wewe: kikao kisiwe cha paka. Kiwe kile kile cha siku ya arobaini, ambacho hamkukimaliza. Sebule ni ile ile na makochi bado yapo. Nataka uje na wale wale uliokuja nao, na dada yenu asikae dirishani, akae pale katikati mliponiweka mimi. Aulizwe kwa sauti aliyoulizwa nayo mke wa marehemu: mwenzako alipokuwa sokoni, ulitia nini kwenye uji wa kaka yako, na siku tuliyomhukumu mpishi ulinyamaza kwa nini? Ajibu mwenyewe, asimtaje Mungu. Akishajibu, wewe uliyesema kwamba mpishi wa nyumba hii ni mmoja, usimame uhesabu tena wapishi, mbele ya majirani, na mlango uwe wazi.

Chai nitapika mimi. Haitakuwa na sukari, na atakayetaka asali ainywe mbele yangu. Nasubiri mnitajie siku.