Baba Mudogo Anataka Majina ya Wagonjwa Wangu

Admin, ufiche jina langu, lakini maneno yangu usikate hata moja.

Niko mwanamuke wa miaka 38, munganga wa hospitali, naishi hapa Bunia. Ku université nafundisha waganga na watafiti namna ya kutunza habari za wagonjwa mu ordinateri. Watu wanacheka: vita inachoma vijiji, weye unafundisha ordinateri? Lakini fishi za wagonjwa za karatasi zinaungua pamoja na kituo cha santé. Mama anakimbia Djugu na mutoto, anafika huku, hakuna anayejua alipewa dawa gani. Ile ndiyo kazi yetu.

Mwaka jana kaka yangu aliuawa ku barabara ya Iga Barrière. Tulimuzika bila kumufungua uso.

Mwezi uliopita baba mudogo, aliyenilea, alifika kwangu Nyakasanza na wanaume wawili nisiowajua. Alikunywa chai kwanza, kisha akasema: “Mutoto yangu, wenye waliua kaka yako wanatibiwa ku hospitali yenu. Majina yao iko mu ordinateri yako. Utupe liste tu.”

Nikamuuliza: “Baba, mutaifanyia nini?”

Mumoja wa wale wawili ndiye alijibu: “Ile haikuangalie, docteur.”

Nilikatala. Kesho yake niliwaeleza wanafunzi wangu yote. Mu fishi zote tulitoa kabila, tukatoa kijiji, pa kila jina tukaweka namba, na mugonjwa mwenyewe ndiye anashika namba yake. Munganga mumoja kati ya wanafunzi, ambaye nyumba yao ilichomwa na watu wa kabila yangu, aliketi pembeni yangu siku nzima, tukafanya kazi bila kuulizana kitu. Jina la nani liko nyuma ya namba gani, hata mimi siwezi tena kufungua. Nilitaka vile. Wakinikamata, sina cha kuwapa.

Baba mudogo aliita jamaa yote, akasema nimeuza damu ya kaka yangu. Mama akanipigia simu: “Mupe hata majina mawili, mwanangu, wanyamaze.” Majina mawili! Mama yangu, mwenye kusali kila asubuhi.

Kaka yangu ninamulilia mpaka leo. Lakini mutu akilala mu kitanda ya hospitali ni mugonjwa wangu, basi.

Juu ya liste siombi shauri. Ila siku ya Mungu, dimanche hii, ni misa ya kumukumbuka kaka, na jamaa wamesema nikitokea watanifukuza. Mimi nataka kwenda, niketi karibu na mama, wanitoe wenyewe mbele ya watu. Mama anasema nitamuua kwa aibu. Ninyi mungeenda? Muniambie kabla ya dimanche.