Ua wa Bi Adija Uliofuata Maji

Pale Makole, ukitaka kumkasirisha Bi Adija, mwelekeze. Mwambie "pita huku," naye atapita kule, hata kama kule kuna shimo. Tangu usichana wake hajamuuliza mtu njia wala mapishi. Vitumbua alijifundisha mwenyewe kwa kuviunguza, na kwa vitumbua hivyo akasomesha watoto, akajenga na nyumba.

Nyumba ina ua, na ua ulikuwa vumbi tupu. Upepo wa Dodoma ukivuma, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria ya wali. Mwanawe mkubwa, Anuari, akachoka.

"Mama, naleta pevingi, vile vitofali vya kutandaza nje. Tunatandaza ua mzima, tunamaliza habari."

"Ua wangu haukuomba viatu. Nataka bustani."

"Bustani! Hapa hata magugu yanaomba uhamisho."

"Basi ngoja Idi. Ikifika Idi hujaona kijani, tandaza mpaka chumbani kwangu."

Ahadi ikawa imeshatoka mdomoni, na mwenyewe hakujua aanzie wapi.

Bahati ikaja na harusi. Shemeji yake wa Kondoa, Mzee Hashimu, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa anamwoza bintiye. Mzee huyo hutunza msikiti mdogo wa mtaani kwao, mlimani. Adhuhuri Bi Adija akaenda kutawadha hapo msikitini, upande wa wanawake, akabaki ameduwaa. Maji yaliyomchuruzika miguuni yaliingia kwenye mfereji mwembamba wa mawe, yakashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina chake: hapa mnanaa, hapa mrehani, pale mawaridi, na chini kabisa mkomamanga umeinama kwa matunda. Maji ya udhu, hayana sabuni hata tone, yananywesha bustani! Na kwake kila siku yanapotea bure.

Mtu mwingine angeuliza. Bi Adija alivua kanga ya mabegani, akailaza kando ya mfereji, akaanza kupima: hapa kanga moja, hapa nusu kanga. Shemeji yake akatokea.

"Umeangusha nini, shemeji?"

"Naanika kanga."

"Kivulini?"

"Kanga ni yangu. Kivuli nacho kinakuuma?"

Mzee akacheka ndani ya ndevu, akaenda zake.

Kurudi Makole, Bi Adija akaleta mawe kwa guta la magurudumu matatu, akajenga mfereji uleule, kona zilezile, ngazi zilezile. Watu wa nyumbani wakatawadha. Maji yakaingia mferejini, yakasitasita kidogo, kisha yakageuka na kuelekea jikoni.

Jirani yake, Gladness, akachungulia juu ya ukuta. "Mama Anuari, umepanda bustani au umefungua bwawa?"

"Naosha jiko!"

Jiko likaoshwa kila swala. Masufuria yakaelea, mnanaa ukanyauka. Idi inakaribia, na Anuari keshapiga simu kusema pevingi zimepatikana. Bi Adija akachukua simu yake, akapiga Kondoa, akakata kabla haijapokelewa. Akapiga tena, akakata tena. Mwisho Mzee Hashimu mwenyewe akapiga.

"Shemeji, unanibipu tangu asubuhi. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Kisha neno likamtoka kama mwiba wa samaki. "Nauliza."

"Hebu rudia, simu yangu inakwaruza."

"Nauliza, Hashimu! Maji yananiingilia jikoni. Nifanyeje?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nilikuona na kanga yako. Umepima mawe yangu, ua wako hukuupima. Mimi niko mlimani, maji yangu yana pa kushukia. Ng'oa hayo mawe, mwaga ndoo ya maji, kaa utazame. Yatakakotulia, hapo ndipo penye bustani yako."

Bi Adija akang'oa mawe huku akisonya, akamwaga ndoo yake. Maji yakaupita mlango wa jiko, yakaambaa na ukuta, yakapinda nyuma ya nyumba, yakatuama kwenye kibonde karibu na kwa Gladness. Kumbe mfereji ndio uliokuwa umeyaziba njia! Akapanga mawe kwenye njia hiyo ya maji, akapanda kuyafuata: mnanaa, mrehani, mche wa mkomamanga kule mwisho. Gladness akapitisha kijiti cha mzabibu juu ya ukuta.

"Panda hiki hapo. Kikizaa, matawi ya upande wangu ni yangu."

Mkesha wa Idi, Anuari akaja na lori la pevingi. Akaenda kutawadha kwanza, na kwa muda mrefu hakurudi. Mama yake alimkuta nyuma ya nyumba, miguu ingali imelowa, ananusa jani la mrehani.

"Mama, nani kakuonyesha haya?"

Bi Adija akajikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Hashimu. Nilimuuliza."

"Wewe? Uliuliza?"

"Usinifanye niseme mara mbili." Akaligeukia lori. "Na hizo pevingi zishushe. Nataka kijia cha kupita katikati ya miche, kipinde kama maji yalivyopinda. Na usinielekeze pa kuanzia."