Sikuwa Kabonga

Mwalimu aliyenifundisha historia amefariki juma lililopita hapa Rumonge, na nyinyi mnaonisoma kila wiki mtanisamehe leo nikiziacha habari za barabara mbovu na bei ya mawese. Matangani, mwanawe mkubwa alisimama akaisimulia ile habari ambayo marehemu mwenyewe hakuchoka kuisimulia: kwamba mwaka sabini na mbili alikuja kwangu kutafuta msaada, kwa bahati mbaya akakuta nimekwenda Kabonga kununua samaki, la sivyo ningemwokoa. Watu wakanigeukia kwa heshima. Niliinamisha kichwa, nikashukuru kwa murakoze moja, na chakula cha matanga kikanishinda.

Alitufundisha mwaka wa uhuru, bendera mpya ikiwa haijapauka. Siku moja alilifunga daftari la wafalme wa Ubelgiji, akatuambia kuna nchi kubwa, Marekani, ambako ndugu walipigana miaka minne kwa sababu ya watumwa. Aligawa darasa, upande wa ziwa wawe Kusini, upande wa mlima wawe Kaskazini. Alitupitisha katika yote: majimbo ya Kusini yakajitenga, mizinga ikapiga ngome ya bandarini, rais akatangaza watumwa wa waasi kuwa huru, na mwishowe jemadari wa Kusini akasalimu amri. Kisha akauliza vita vilianza lini. Tukajibu kwa sauti moja, siku ya mizinga. Akakataa. Alisema vilianza zamani, kila mtumwa mtoro alipobisha hodi mahali ambapo sheria ilimwadhibu anayempokea, na mwenye nyumba akalazimika kuchagua. "Nani angefungua?" Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. "Mimi ningefungua, mwalimu." Akawaambia wenzangu wanipigie makofi, na mimi, mtoto wa fundi cherehani, nikavimba kichwa mwezi mzima.

Miaka kumi baadaye nilikuwa nimerithi cherehani ya baba katika mtaa wetu wa Waswahili. Waasi wa Kihutu walikuwa wameshambulia mwambao wakaua watu, kisha kikaja kisasi cha serikali, na Wahutu waliosoma wakawa wanapakiwa kwenye malori wasirudi. Mwalimu alikuwa mmoja wa waliotafutwa. Siku zile kanzu na kofia vilitosha kumpitisha mtu kwenye kizuizi, maana Mswahili hakuulizwa sana, na kwangu zilitundikwa kanzu tatu zilizokwisha kushonwa. Alikuja mchana kweupe. Nilimwona kwenye ufa wa dirisha, shati limemganda mwilini. Nikasimamisha cherehani na kumwashiria mke wangu.

"Hodi mama. Fundi iko?"

"Hapana, mwalimu. Alienda Kabonga kutafuta samaki."

"Si kitu, mama. Akirudi umuambie mwalimu yake alipita kumusalimia. Mubaki na amahoro."

Mke wangu alirudi ndani akaniambia, "Usinitume tena kazi kama hii," na siku tatu hakusema nami. Mwalimu aliokolewa na mama mmoja muuza ndagala kutoka Kivu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Alimlaza chini ya magunia ya samaki kwenye mtumbwi hadi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kigoma. Zile kanzu tatu niliziuza sikukuu ya Idi.

Amani iliporejea alirudi, mvi kichwa kizima, na akaanza kunisifu kwa habari ya Kabonga. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba anaiamini. Halafu siku moja akaniletea suruali ya kufupishwa, akaketi kunisubiri huku nikishona. Akasikiliza, akasema polepole, "Hii mashine iko na sauti, wee! Hata mu barabara niliisikiaka." Nikaacha kukanyaga. Alinitazama kama alivyotutazama zamani, akimsubiri mtoto anayelijua jibu. Ilikuwa zamu yangu kusema, na yeye alikuwa tayari kunisikia. Nikamuuliza, "Pindo nilifiche ndani, mwalimu, au nilikunje nje?"

"Ndani," akasema, na Jumapili iliyofuata, kwenye harusi ya jirani, akasimulia tena kwamba nilikuwa Kabonga.

Nadhani alinipa uongo wangu mwenyewe niuvae mbele za watu hadi nione haya, niuvue. Sikuuvua. Tunawafundisha watoto tarehe za vita vya wengine, nao wanatujibu vizuri, na sisi tunawapa alama. Mimi nilipewa makofi kwa jibu sahihi, nikakosa kanzu moja ya kulithibitisha. Nawe mwana wa mwalimu, nisamehe kwamba unayasoma haya gazetini: baba yako hakukosea nyumba wala siku. Nilikuwepo, nikihesabu hatua zake mpaka zilipopotea barabarani.