Tangazo Lisilo na Salamu

Nina hasira hadi leo, na nitaandika nikiwa nazo. Nimejaribu kungoja zipoe ili niandike vizuri, lakini kungoja mpaka niandike vizuri ndiko kulikoniharibia kila kitu.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika duka la intaneti kule La Rochelle, mtaa wa Johannesburg. Nilipiga fotokopi karatasi za wakimbizi, nilichapa CV za walinzi, niliwajazia fomu watu wa kwetu wasiojua Kiingereza. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, kila kosa langu niliona ni ushahidi kwamba sistahili kukaa kwenye kile kiti. Barua ya mistari mitatu niliisoma mara nane kabla ya kuichapa. Kucha nilizing'ata mpaka vidole vikawa vinauma nikigusa vitufe.

Wateja walipokosekana, mwenye duka aliniruhusu kuingia kwenye dunia yetu. Naiita dunia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: unafungua programu, unajitengenezea mwili, unatembea, unakaa kwenye kiti, unaongea na watu walioko Cape Town, Bujumbura au Kanada kana kwamba mko sebule moja. Huko tulikuwa na kikundi cha wasema Kiswahili, watu mia na kidogo, wengi Wakongo kama mimi, Warundi, na Watanzania wachache. Kampuni inayoendesha dunia ile ilitupa kiwanja cha bure, na juu ya kiwanja hicho mimi nilijenga ukumbi. Miezi kumi na minne. Ngazi nilizibomoa mara tano kwa sababu hazikulingana.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na ukuta. Wengi wetu hatukuweza kurudi nyumbani kuzika. Ukiwa na karatasi ya kuomba hifadhi, ukivuka mpaka kurudi kwenu unaipoteza hifadhi, umejimaliza. Kwa hiyo aliyefiwa alibandika picha ukutani, na ukiigusa picha unasikia sauti ya marehemu.

Kulikuwa na mama mmoja msusi, mwenye saluni ndogo mtaa wa Bertrams. Alikuja dukani na simu yake yenye ujumbe wa sauti, tukaishika karibu na maikrofoni, tukarekodi moja kwa moja hadi ukutani. Sekunde kumi na nne: bibi mmoja wa Uvira anauliza kama wajukuu wamekula, anakohoa, kisha anakicheka kikohozi chake mwenyewe. Alikuwa mama yake. Wiki mbili baadaye simu ile iliporwa pale kwenye robot, taa za barabarani, gari zimesimama, watu wanatazama. Tangu hapo sauti ile ilibaki mahali pamoja tu, kwenye ukuta wangu. Kila Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, mama alikuja, akakaa kwenye kompyuta ya tatu, akagusa picha. Hakuwa analia. Alikuwa anajibu. "Wamekula, mama," anasema, kisha ananiaga.

Sasa nije kwenye matangazo, maana ndiyo yaliyotumaliza.

Tangazo likitumwa, kila mwanachama aliona kisanduku kidogo kwenye kona ya skrini, chenye kichwa na mistari miwili ya kwanza. Kinakaa sekunde chache, kinatoweka. Ukitaka kusoma yote lazima ukibonyeze. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi cherehani wa makamo, shemasi kanisani kwao, nasi tulimwita Papa, yaani baba. Kila tangazo alilipa kichwa kimoja tu: TANGAZO. Chini yake: "Bwana Yesu asifiwe sana wapendwa, wazee kwa vijana." Basi, kisanduku kimejaa.

Na salamu zenyewe zilikuwa zinaota. Mrundi mmoja Mwislamu, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, alilalamika kwamba yeye hajasalimiwa. Ikaongezwa asalamu aleykum. Kina mama wakasema hawatajwi, wakatajwa. Walioko Kanada wakanuna kwa kuwekwa mwisho. Wakapewa mstari wao. Kila aliyenuna alipata mstari, na hakuna mstari uliowahi kuondolewa. Mwisho wake jambo lenyewe lilianzia mstari wa kumi. Harusi, kilio, mazoezi ya kwaya, vyote kwenye kisanduku vilifanana.

Nilimwambia. "Papa, watu hawafungui."

"Watafungua, binti. Nyumba ya watu huingii bila hodi."

"Hodi ya mistari tisa?"

Akacheka. "Eish, wewe una haraka kama mtoto wa Joburg." Lakini akanipa ruhusa ya kutuma matangazo kwa mwezi mmoja.

Nikajiwekea utaratibu. Kwanza nini, halafu lini, halafu wapi, basi. La kwanza lilisema: "Mazoezi ya kwaya, Jumapili saa kumi jioni ya Johannesburg, ukumbini." Niliandika nakala kumi na moja kabla ya kulituma. Kisanduku kilisema kila kitu bila mtu kubonyeza, na nilijiona nimefanya kitu kizuri kuliko ngazi zangu zote.

Jumapili ile walikuja watu wanne. Waliobaki walikuja baadaye, kunisema.

"Dada, umetuandikia kama polisi."

"Kama mwenye nyumba anayefukuza wapangaji!"

Mwenye spaza ndiye aliyeniudhi zaidi. "Mimi ujumbe usio na salamu najua umetoka kwa tapeli. Nafuta."

"Lakini saa uliielewa?" nilimuuliza.

"Niliielewa vizuri sana. Ndiyo maana sikuja."

Wakacheka wote. Mwezi haukwisha. Papa alinirudisha kwenye uanachama wa kawaida, kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kicheko. "Unaandika vizuri, binti. Ila hapa si ofisini." Nilijifungia chooni dukani nikalia kwa hasira, mteja akigonga anataka fotokopi.

Mwaka uliofuata, Jumanne moja, Papa alikuja dukani mwenyewe na barua ya kampuni, ya Kiingereza. Nilimtafsiria. Viwanja vyote vya bure visivyo na watu vingefutwa Jumamosi saa sita mchana. Ili kuokoa chetu, wanachama kumi walitakiwa kuingia ukumbini kabla ya hapo, kila mmoja abonyeze kitufe kwenye ubao wa mlangoni. Kumi tu, kati ya mia na kidogo.

"Papa, niache hili niliandike mimi."

"Nitaandika mwenyewe. Wewe umeshafanya kazi ya kutafsiri, pumzika."

Jumatano asubuhi kisanduku kikatokea. TANGAZO. Bwana Yesu asifiwe sana wapendwa, wazee kwa vijana. Nilikibonyeza. Mstari wa kumi ulianza hivi: "Pia kampuni inaomba." Pia! Ukumbi wote, ukuta wote, umewekwa nyuma ya neno "pia".

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema kweli. Nilitabasamu.

Nilibonyeza kitufe changu, kisha nikakaa kimya. Simu yangu ilikuwa na namba za nusu ya kikundi. Ningeweza kuwapigia siku ile ile. Sikupiga. Nilitaka Jumatano ipite bila mtu, na Alhamisi ipite bila mtu, Papa atokwe jasho, halafu mimi niingie na ujumbe mmoja safi uokoe kila kitu, na wote waone. Nilitaka waumie kidogo, kwa kipimo nilichokipanga mimi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tumebonyeza watatu: Papa, mke wake na mimi. Hapo nikaona nisingoje tena. Ruhusa ya kutangaza sikuwa nayo, ilibidi nimtumie mtu mmoja mmoja. Nilianza kuandika saa tatu asubuhi. Nilimaliza saa nane mchana. Ujumbe ulikuwa huu: "Kiwanja chetu kitafutwa kesho saa sita mchana. Ingia ukumbini leo, bonyeza kitufe cha mlangoni." Saa tano nzima kwa sentensi mbili. "Tafadhali" niliiweka na kuiondoa mara tatu. Salamu sikuisahau. Niliikataa.

Nikawatumia watu arobaini. Nusu saa haikupita, mwenye spaza akaandika mbele ya kikundi chote:

"Ndugu zangu, asalamu aleykum, Bwana asifiwe, poleni na kazi. Akaunti ya dada yetu mjenzi imeibwa. Mwizi anatuma vitisho bila hata habari gani. Msibonyeze kitu chochote."

Wakamshukuru wengi, safari hii wote wamesoma. Nikaandika: "Ni mimi!" Mtu akajibu: "Mwizi naye angesema hivyo hivyo."

Nikaanza kupiga simu. Kila niliyempata aliniuliza kwanza habari za nyumbani, za kazi, za afya, na nilipomkatiza alinuna. Wanachama walinzi walikuwa lindoni, simu zimezimwa. Mwenye spaza alikuwa na wateja, hakupokea. Nilipata watu watano walioahidi, na kweli walibonyeza. Mama msusi sikumpigia. Nilijiambia kwamba mwisho wa wiki saluni hujaa, asisumbuliwe. Uongo. Niliogopa angeniuliza nimejua tangu lini.

Jumamosi, saa sita kasoro dakika tano, tulikuwa tumebonyeza wanane. Nilisimama kwenye ubao nikihesabu. Papa alikuja kusimama kando yangu, na ile suti ya bluu aliyoushonea mwili wake wa huko.

"Binti, watu wako wapi?"

"Hawakusoma, Papa."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunza kwa miezi. Nikaisema, na haikunipa chochote. Saa sita ilipofika hapakuwa na kishindo. Ngazi, milango, ukuta, vyote vilikuwepo, kisha ikawa nyasi tupu, na sisi wawili tumesimama juu yake kama watu waliokosea anwani.

Jumatatu mama alikuja, akakaa kwenye kompyuta ya tatu, akavuta kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama nyuma yake. Alisikiliza hadi mwisho bila kugeuka.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na hiyo simu yako inarekodi?"

"Inarekodi, mama."

"Basi ungegusa picha ya mama yangu, ukashika simu kwenye spika." Akaweka kidole mezani, akakiondoa. "Sekunde kumi na nne."

Sikuwa nimefikiria. Nataka hili lieleweke: siku nne, na Ijumaa ile saa tano nzima mbele ya skrini, mwili wangu wa huko mita chache kutoka kwenye ukuta huo, na sikufikiria. Nilifikiria nafasi ya nukta. Nilifikiria uso wa Papa. Sauti yenyewe haikunipita kichwani hata mara moja.

"Nisamehe, mama."

"Haya," alisema, akachukua mkoba wake.

Nina hasira na kampuni inayofuta watu kama vumbi. Nina hasira na mwenye spaza, ambaye alipogundua aliniambia, "Si ungesema tu habari yako, dada, ningejua ni wewe." Nina hasira na Papa, na mistari yake tisa. Siku hizi kikundi kina kiwanja kingine, na Papa anaandika jambo kwanza, siku na saa, halafu ndipo anaporomosha salamu zake zote. Watu wanafungua, wanakuja. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na ningependa usahihi huo mtu anichukulie akautupe mbali.

Mama msusi bado ananipigia simu, kwa sababu mimi ndiye ninayemjazia fomu zake. Zamani alianza na habari za asubuhi, umelala vipi, umekula, mwenye duka hajambo, na mimi nilikuwa nikizungusha macho nikingoja afike kwenye jambo. Sasa hana hayo. Anasema: "Fomu ya kibali. Jumatatu, saa nne. Dukani." Kisha anakata. Jambo, siku, saa, mahali, hakuna neno la kupunguza.