“Huyo mzee hana watoto?” Fundi wa betri aliuliza, kisha gari likaingia getini

Saa mbili asubuhi, kinachoonekana kwanza ni miguu. Imechomoza chini ya gari jeupe lililoegeshwa katikati ya gereji, soksi moja ya kijivu, nyingine nyeusi. Sauti inatoka uvunguni.

“Nisubiri kidogo. Huu waya nimeushika, nikiuachia tutaanza kutafutana upya.”

Mwenye sauti ni mama wa watoto watatu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Waya. Ni fundi wa umeme wa magari, na kwa miaka ya karibuni amebobea katika kazi ambayo wengi hata hawajui kama ipo: kufunga betri ya pili kwenye magari ambayo watu hulala ndani yake.

Anatoka uvunguni akijifuta mikono kwa kitambaa, anaketi juu ya tairi kuukuu na kuanza kueleza. Betri ya kwanza ni ya kuwashia gari. Ya pili ni ya “nyumbani”, yaani taa, feni, friji na kuchajia simu. Injini ikiwaka, umeme wake unajaza zote mbili. Ikizimwa, kifaa kidogo kiitwacho rilei kinazitenganisha, ili friji isije ikala umeme wa kuwashia gari.

“Ni kama ndugu wawili,” anasema. “Wanakula sinia moja, lakini kila mtu na godoro lake. Usiku huyu hamwibii yule.”

Halafu kuna fyuzi, ambayo lazima ikae karibu na kila betri. Waya ukipata hitilafu, fyuzi inaungua badala ya gari. Bi Waya amewahi kukataa kazi kwa sababu mteja alitaka kuokoa gharama ya fyuzi.

Hayo yote anayasimulia akicheka. Ukimuuliza habari za gari la mikate, kicheko kinakatika.

Ilikuwa mwaka jana, asubuhi ya kawaida. Fundi mwenzake wa mtaa wa pili, anayejulikana kama Fundi Breki, alimpigia simu kwamba amepata kazi isiyo yake. Kuna mzee, alisema, analala ndani ya gari lake. Ana kijifriji cha kuhifadhia dawa, na kila usiku kinanyonya betri mpaka gari linagoma kuwaka. Asubuhi anasukumwa na wapita njia.

Bi Waya aliingiwa na huruma. “Maskini,” alimwambia. “Huyo mzee hana watoto?”

Fundi Breki akajibu kwamba hakumuuliza, maana mtu mzima haulizwi mambo kama hayo. Mzee amekwenda zake kliniki na atarudi mchana. Bi Waya akamwambia alilete gari, naye atalifungia betri ya pili kwa bei ya kusaidiana.

Alikuwa anakunywa chai geti lilipofunguliwa. Gari lililoingia lilikuwa lile lililokuwa likisambaza mikate zamani. Lilishapakwa rangi, lakini ubavuni umbo la mkate bado lilionekana kwa mbali. Kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpira huo aliufunga Bi Waya mwenyewe.

“Nikadhani baba ameniletea gari lake, na ile kazi nyingine inakuja nyuma,” anasema. “Nikawa naangalia nyuma yake. Hakukuwa na gari lingine.”

Baba yake ni dereva mstaafu. Alisambaza mikate kwa muda mrefu, na kiwanda kilipofungwa wenyewe walimwachia gari hilo. Kila Jumapili alikuwa akija kwa binti yake, shati limepigwa pasi. Aliwauliza wajukuu masomo, akala, na jua likianza kushuka akaaga, akisema nyumbani wanamsubiri. Bi Waya hakuwahi kuona kasoro yoyote.

Sasa alifungua mlango wa nyuma. Palikuwa na godoro lililotandikwa shuka likakazwa pembe zote, mashati mawili kwenye kamba, beseni, kioo cha kunyolea, ndala zilizopangwa sambamba. Pembeni ilikuwapo friji ndogo, na ndani yake dawa ya sindano ya kisukari.

Akafuata nyaya za friji. Zilikuwa nyembamba, za kufungia spika, zimesokotwa kwa mkono na kupitishwa chini ya godoro moja kwa moja hadi kwenye betri. Fyuzi haikuwapo. Plastiki ya nyaya hizo ilikuwa imeyeyuka. Alipoinua godoro, akakuta upande wa chini umeungua, doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

“Nilikaa pale pale sakafuni,” anasema. “Mimi ndiye ninayewafungia watu wasiungue, na baba yangu mzazi amelala juu ya moto.”

Alichokumbuka kwanza ni kumpigia simu wifi yake, mjane wa kaka yake. Kaka huyo alifariki kwa maradhi, akaacha mke na watoto wanne wasio na pa kukaa. Mzee ndiye aliyewachukua na kuwaingiza katika nyumba yake ya vyumba viwili.

Bi Waya aliuliza baba anaendeleaje. Jibu analikumbuka neno kwa neno.

“Wifi, si yuko kwako? Siku ile tulipohamia alisema umemwandalia chumba.”

Bi Waya akamweleza alichokikuta chini ya godoro.

Mzee alifika mchana. Fundi Breki, ambaye hakujua hili wala lile, alikuwa amemwelekeza gari lilikopelekwa. Anasema mzee alibadilika uso, akashukuru, akaondoka polepole. Alipofika kwenye gereji ya binti yake alisimama nje ya geti, mfuko wa dawa mkononi, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Bi Waya alimwamkia. Mzee akaitikia, “Marahaba, mama.”

“Baba, umelala wapi jana?”

“Kwangu,” akajibu. Kisha akaliangalia gari, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi na godoro limeinuliwa, akainamisha kichwa.

Mzee hakatai kuzungumza na mwandishi, ila anaomba asionewe huruma. Anaeleza kwamba mkwewe amefiwa na mume, na watoto bado wadogo. “Mimi nikikohoa, nyumba nzima inaamka. Ningejibanza pale kama kabati, mama wa watu anakosa hata pa kulilia.” Kwa binti yake nako kuna chumba kimoja na sebule. “Ningekwenda kumbana nani? Gari ninalo, lina mlango, lina kitasa. Wapo wasio na hicho.”

Binti yake hakuyachukulia kirahisi hivyo. Siku ile alimwambia hafungi betri yoyote. Akiifunga, atakuwa amekubali kwamba baba yake anaishi garini. Asipoifunga, dawa itaharibika, na mzee bila dawa haendi mbali. Alilalamika, akamlaumu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. “Funga kwanza,” akasema. “Halafu tugombane.”

Akafunga. Aling’oa nyaya zote za zamani, akaweka nene, rilei, fyuzi kila mahali panapostahili, na betri ya pili akaitengea sanduku lake mbali na kitanda. Baba yake alikaa kwenye ndoo akimpa spana, kila anayoitaja. Sehemu kubwa ya kazi alikuwa chini ya gari, na anakiri kwamba alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Uvunguni kuna faida yake,” anasema. “Hakuna anayeuona uso wako.”

Jioni waligombana kama walivyoahidiana. Mzee alikataa kulala sebuleni kwa binti yake. Binti naye akakataa gari lirudi kando ya barabara. Wakakubaliana liegeshwe ndani ya ua wa gereji, na mzee awe anakula na wajukuu.

Kesho yake wifi alikuja na watoto wote wanne. Hakufurahi. Alimwambia mzee kwamba amemfanya aonekane kama ndiye aliyemfukuza kwenye nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyempa nafasi ya kukataa. Ni mara ya kwanza, anasema Bi Waya, kumsikia baba yake akimwomba mtu radhi.

Lakini betri ya nyumbani haijai gari likisimama. Lazima injini izunguke, tena kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Waya humtuma baba yake kwenye duka la vipuri la upande wa pili wa mji, ingawa lipo jingine karibu. Mzee anajua. Huvaa kofia yake, hukagua mafuta na maji, na huondoka kwa haraka ya mtu mwenye mikate ya moto.

Bi Waya mwenyewe hajatulia. Wiki iliyofuata aliwapigia wateja wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, kuwauliza kama nyaya ziko salama na nani analala ndani. Wengi walicheka, wakamwambia ni gari la matembezi. Wawili walinyamaza kwanza kabla ya kujibu. Hao aliwaomba waje, akawakagulia bure.

“Mpaka leo nikimaliza kazi nalala juu ya godoro la mteja kidogo,” anasema. “Nanusa. Naweka mkono chini. Siwezi kujizuia.”

Nyuma ya gereji kuta za chumba kimoja zimefika usawa wa dirisha. Matofali yamenunuliwa kidogo kidogo, na wifi huja siku za mapumziko kuchota maji ya zege. Dirisha limewekwa pale alipotaka mzee. Ameahidi, mbele ya wote, kwamba paa likishapigwa atahamia.

Bi Waya anakitazama chumba hicho huku akikunja waya begani.

“Asubuhi ya kwanza nitakwenda kumgongea mlango,” anasema. “Nataka anicheleweshe. Nataka nisimame nje, nimsikie akisema: subiri, mama, bado navaa.”