Gata Moja, Mawifi Wawili

Mshonaji tuliyemwita Sindano hakupewa jina hilo kwa wembamba, maana akipita mlangoni ilibidi mlango uvute pumzi. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimchokoza alikuchoma palepale, kisha akakishona kidonda bila ganzi.

Aliishi kwenye nusu ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwenye nusu nyingine alikaa wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Manukato. Akifungua dirisha, nyuki walipotea njia. Paa lilikuwa moja, na gata la kukinga maji ya mvua lilikuwa moja, limeambaa ukingoni mwa mabati kutoka kwa Manukato hadi kwa Sindano. Huko kwa Sindano ndiko lilikoinamia, na huko tu ndiko kulikokuwa na bomba la kushushia maji. Walipogawana nyumba walikubaliana kila mtu asafishe upande wake.

Sasa, juu ya paa hilo ulitanda mkaratusi uliopukutisha majani hata siku isiyo na upepo, kwa ubishi tu. Sindano akawa anapanda ngazi, anayazoa kwa mikono, anashuka nayo kwenye ndoo. Manukato naye alipanda, tusimsingizie. Ila alipanda na ufagio, akausukuma uchafu wake mpaka mpakani, ukavuka.

"Wifi, hayo majani si yako?"

"Yalikuwa yangu yakiwa huku, mpenzi. Sasa yamehama."

Mvua zilipoanza, bomba likaziba. Maji yakakosa pa kushukia, yakajirudi chini ya mabati, yakalowesha dari, yakateremka na ukuta mpaka chumba cha kushonea. Rangi ikabanduka. Nyuma ya cherehani ukaota uyoga mkubwa, paka akazalia chini yake na hakuna mtoto aliyelowa. Gauni la harusi lililotundikwa hapo likageuka kijani, bibi harusi akaja kulilia kama msiba, na wateja wakaanza kufuata vitambaa vyao. Chumba hicho ndicho kilichomlisha Sindano. Kikifa, naye kwisha habari yake.

Akaenda kwa wifi yake, akamkuta kwenye sofa anapaka rangi kucha.

"Ukuta wangu unaoza kwa uchafu wako."

"Ukuta unatoka jasho? Basi upepee, dada."

Sindano akaaga kwa adabu, na waliomjua walianza kumwonea Manukato huruma. Alizibua bomba, akakausha ukuta. Kisha akangoja Manukato aende kutembelea mashoga zake. Alipokata kona tu, Sindano akapanda na nyundo. Akalegeza vibanio, akainua mwisho wake wa gata, akakaza upya. Mteremko ukageuka. Sasa maji yalielekea kwa Manukato, ambako hakukuwa na bomba hata la dawa.

Mvua iliyofuata ilishuka kwenye kona ya Manukato kama ng'ombe wanaokimbia. Ikachimba udongo, ikala chini ya msingi, kona ikakaa kitako. Fremu ikapinda, na mlango wa Manukato ukagoma kufunguka. Madirisha yalikuwa na nondo.

"Wifi! Nimefungiwa!"

"Na nani?"

"Na nyumba!"

Sindano akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Lakini alipotazama vizuri, akaona ufa unatembea ukutani kuja kwake, haujali nani kamwonea nani. Akatoka kimyakimya, akarudisha gata lilivyokuwa. Kisha akarudi ndani, akasukuma kabati pembeni. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa zamani uliounganisha nusu zile mbili, enzi nyumba ikiwa moja. Akaufungua.

"Pita. Mpaka fundi atengeneze kona yako, utatokea hapa chumbani kwangu. Ila ngazi iko nje. Kila ukitoka unapanda, unajaza ndoo, ndipo unakwenda safari zako."

"Na upande wako pia?"

"Wangu ndio uanze nao."

"Na nikikataa?"

"Rudi ukaongee na mlango wako."

Tulitoka wote kutazama. Manukato juu ya ngazi na viatu vyake vya kuendea kwa mashoga, majani yaliyooza yamefika viwikoni, harufu yake nzuri imekimbia mtaa wa pili. Sindano alikuwa dirishani anashona gauni jipya la harusi, akanyoosha mkasi kuonyesha juu.

"Wifi, pale nyuma ya kibanio umeacha moja."

Fundi naye alikuwa mteja wa Sindano. Hakuwa na haraka hata kidogo.